Jina la Kwanza Kwenye Barua

Jamani, leo nimemponza mzee wa watu kwa kupenda utaratibu!

Makuli wa ghala la katani hapa Temeke waliniomba niwaandikie barua kwa bwana mkubwa wao, Mzungu: wapewe saa ya kupumzika mchana, la sivyo wote wanagoma.

Majina ishirini nikayapanga kwa alfabeti, kama tunavyofundishwa shule.

Mzungu akasoma la juu kabisa.
“Abdallah! Kumbe wewe ndiye kiongozi. Kazi huna!”

Mzee Abdallah, ambaye hata mkutanoni hakufungua mdomo!
Wenzake wakatazama chini.

Nimetoka kwake sasa hivi kumwomba radhi.
“Shikamoo, mzee. Heri ningeanza na jina jingine.”
“Marahaba. La nani, mwanangu?”


Nyie mngeanza na la nani?