Jumamosi Bila Kusuka

Nilikuwa na miaka kumi na minne pale mkanda wa mashine ya kusaga, huko kwetu Mtoni, uliponasa khanga yangu na kuuvuta mkono wangu wa kulia. Hospitali waliukata juu ya kiwiko. Niliporudi nyumbani, majirani walijaa uani na uji na pole zao. Wiki ya pili wakapungua. Ya tatu tukabaki mie na mama.

Kabla ya hapo, Jumamosi zangu zilikuwa za kusuka nywele. Wasichana wa mtaani walikaa barazani kwetu, wakisubiri zamu na kunimwagia habari zote. Sasa walihamia nyumba ya tatu, kwa msichana niliyemfundisha kusuka mie mwenyewe. Niliwasikia wakicheka. Hawakuwa na ubaya. Walitaka kusukwa tu. Ila sikuwa najua kwamba urafiki wetu ulikuwa kwenye vidole vyangu.

Shuleni nilijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi zikilala ovyo. Siku hizo kila shule ilikuwa na shamba lake. Wenzangu walipokwenda kulima, mwalimu aliniambia nibaki darasani nipumzike. Nilikaa peke yangu katikati ya madawati matupu, nikisikia majembe na nyimbo zao. Mwalimu alikuwa ananihurumia, najua.

Msimu uliofuata nilimfuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba na mie niende shamba. Nimechoka kupumzika."

Akataka kujua jembe nitalishikaje. Nikamweleza kwamba nitadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Akakubali.

Nilipangwa na yule yule msichana msusi. Yeye alichimba, mie nikafukia. Tulimaliza mstari mzima. Ndipo akasema, bila kugeuka, "Nilikuwa naogopa kuja kwenu. Sikujua nikuangalie wapi."

"Usoni," nikamjibu.

Jumamosi ile alikuja, akakaa na mie barazani hadi adhuhuri. Alikuja tena mara chache. Kisha wazazi wake wakahamia kijiji cha ujamaa huko Rufiji, na sikumwona tena. Baraza likawa kimya tena. Lakini siku za shamba sikubaki tena darasani. Nilitangulia na kikapu cha mbegu, hata kama wengi walikuwa bado hawajui waniambie nini.