Malimbuko ya Ukungani

Mtu akiniuliza kazi yangu, huwa najibu kwamba nachora ramani. Si uongo, maana ramani ninazo nyingi, zimejaa chini ya kitanda changu hapa Njombe mjini. Ila ukweli wote unataka birika la chai na msikilizaji asiye na haraka, na mji huu una haraka ya viazi, ya mbao na ya parachichi. Ukweli ni kwamba natunga nchi ambazo hazipo. Naziandikia vitabu, na watu wananunua vitabu hivyo ili wakae mezani, wanne au watano, wajifanye wanaishi humo. Mmoja wao anasimulia. Wengine kila mmoja ana mtu wake, mwindaji au mganga au mwizi, na ndiye anayeamua mtu wake afanye nini. Pasipo na uhakika, kwa mfano kama mwizi ataruka ukuta au ataanguka nao, wanarusha dadu. Mwanamke mzima mwenye shahada, analipwa kwa kuamua joka linakula mara ngapi kwa wiki.

Dadu ndizo zilizonifanya niwe na siri nyumbani. Kwetu ni Kitandililo, na baba yangu ni mzee wa kanisa, Mlutheri tangu anapoamka hadi anapolala. Katika nyumba ile dadu ni kamari, na kamari haina mjadala. Kwa hiyo nilimwambia naandika vitabu vya hadithi. Akaridhika kupita kiasi. Akaanza kuwaambia watu dukani na mashineni kwamba binti yake ni mwandishi, na kila nilipokuja likizo wakawa wananisalimia kwa heshima ambayo sikujua niiweke wapi. Nilikuwa naona aibu kwa kazi yangu mbele yao, na nilikuwa naona aibu kwa hiyo aibu nikiwa peke yangu.

Nchi zangu za mwanzo ziliuzwa mtandaoni, mtu ananunua faili anasoma kwenye simu. Ukungani ndiyo ya kwanza kuwa kitabu cha karatasi. Ni nchi ya milima ambako ukungu haujawahi kuondoka, na vijiji vinajuana kwa milio ya kengele tu. Kwa wanaojua kwetu mwezi wa sita, hapo sikuumiza kichwa sana. Niliiba baridi, niliiba ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, nikaugeuza kinywaji cha majasusi, niliiba upepo wa Makambako nikaufanya mungu mwenye hasira asiyepokea sadaka. Watunzi wa kazi hii tunaibia nyumbani kwanza, kwa sababu nyumbani hakuna anayefunga mlango.

Na nilimwiba baba. Katika hekalu la Ukungani kuna mtu anaitwa Mzee wa Mlango, anayeshika funguo. Nilimpa mguu wa kulia unaoburuzika kidogo, nikampa na kile kikohozi cha kuomba ruhusa kabla ya kusema. Kisa chake ni kifupi. Siku moja wazee wa hekalu walimtoa nje binti yake mbele ya watu wote, naye alikuwa amesimama pale pale na funguo mkononi, na hakusema neno. Katika michezo yetu kila mhusika hupewa alama, moja hadi kumi, kwa nguvu, kwa akili, kwa ujasiri, ili dadu zijue zinashughulika na mtu gani. Mzee wa Mlango nilimpa nguvu tano na akili saba. Ujasiri nikampa mbili.

Dada yangu alipata mimba kabla ya ndoa nikiwa kidato cha pili. Baraza la wazee likakaa, akatengwa na meza ya Bwana, jina lake likatangazwa Jumapili sisi wote tukiwa tumekaa kwenye benchi letu. Baba alikuwa mjumbe wa baraza hilo. Walioshuhudia walisema hakumtetea wala hakumshitaki, alikaa tu akitazama mikono yake hadi kikao kikafungwa kwa sala. Dada alihamia Ilembula, akaolewa huko, ana maisha yake. Mama huenda kumwona kila baada ya muda. Baba humtumia maharage na salamu, lakini yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga. Hayo yote niliyaweka Ukungani kwa maneno mengine, na nilijiona fundi. Mimi pia siku ile sikusema neno, lakini mdogo wa binti yule sikumweka kitabuni.

Kitabu kilichapwa Makambako. Mchapaji alipiga simu Ijumaa kwamba maboksi yatakuwa tayari kesho yake, na mimi nilikuwa bado nimebanwa na kazi Njombe, nikamwomba baba ayachukue. Nikamwambia asiyafungue maana karatasi mpya huvuta unyevu. Kisingizio kile nilikiona kizuri sana wakati ule. Jumapili asubuhi nikapanda Kosta, kichwani nina mpango mmoja tu, kubeba maboksi yangu na kurudi nayo kabla mtu hajayachungulia.

Nyumba nilikuta imefungwa. Mama alikuwa Ilembula kwa dada. Jirani aliyekuwa anaanika mahindi akaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Kamwene," akanisalimia. "Baba yako yuko kanisani. Kwani we hujui leo ni malimbuko?"

Sikujua. Mtu akishaacha kulima anasahau tarehe ambazo zamani zilikuwa zinamwamsha. Malimbuko ni zao la kwanza. Kila nyumba hupeleka madhabahuni kile ilichovuna kwanza, debe la mahindi, viazi, kuku, trei ya mayai, na baada ya ibada vyote hutolewa nje vikanadiwa, fedha inabaki kanisani. Asiye na shamba hupeleka zao la mikono yake. Fundi cherehani hupeleka gauni, fundi seremala kigoda. Nilianza kutembea haraka kabla sijajiuliza kwa nini.

Niliingia nikakaa nyuma kabisa. Waumini walikuwa tayari kwenye mstari wakielekea mbele, kwaya inaimba, kuku wanapiga kelele zao. Baba alikuwa nyuma ya mama mmoja mwenye kabichi mbili, amevaa suti ya kahawia, anaburuza mguu, na kwenye mikono yote miwili, juu ya kitambaa cheupe, amebeba Ukungani.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Kitabu chenye miungu saba, wachawi, jedwali zima la namna za kuroga, na katikati yake mtu ambaye kila aliyekuwa mle angemtambua kwa hatua tatu tu, kiliwekwa madhabahuni kati ya viazi na mtungi wa asali. Mchungaji akanyoosha mikono akaombea mazao ya mashamba na ya vipaji. Watu wakaitikia amina, na mimi nikaitikia, kwa sababu ningefanya nini.

Nje kulikuwa na upepo wa kukunja masikio. Mnadi wetu ni mtu anayeuza mitumba siku za kazi, kwa hiyo sauti anayo na utani anao. Minada ya kanisa ina utaratibu wake. Ukinunua kitu unaweza kukirudisha kinadiwe tena, au ukamzawadia bibi asiye na kitu, na kuku mmoja anaweza kuuzwa hadi achoke. Kitu kimoja tu hakifanyiki, mtu hanunui kile alicholeta mwenyewe, inaonekana kama alimpa Mungu kwa mkono mmoja akamnyang'anya kwa mwingine. Nilijipanga. Nilijisemea mimi sikukileta, aliyekileta ni baba, basi nitakinunua kwa bei yoyote na nitakwenda kukifukia.

"Sasa hapa tuna zao ambalo hatujawahi kulipata," mnadi akasema, akakiinua. "Kitabu. Kimetungwa na binti wa mzee wetu, yule pale nyuma, karibu dada, usijifiche. Hata parachichi huwa tunaliminya kwanza, ngoja na hiki tukiminye."

Akakifungua katikati, kitabu kikafunguka kilipotaka. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya mnadani.

"Mzee wa Mlango. Hukohoa kidogo kabla ya kusema, kama anayeomba ruhusa." Akakohoa. Watu wakacheka. "Huburuza mguu wa kulia." Na kwa kuwa ni mtu wa vituko, akatembea hatua kadhaa akiburuza mguu, na kicheko kikawa kikubwa, cha upendo kabisa, watu wanamgeukia baba na kumpiga begani. Walidhani nimemsifu. "Binti yake alipotolewa hekaluni mbele ya watu, alikuwa ameshika funguo, na hakusema neno."

Kicheko kilikatika upande mmoja kwanza, kwa watu wazima, kisha kikakatika kote. Mnadi naye alikuwa ameshaelewa, lakini mdomo ulikuwa umetangulia. "Ujasiri," akasoma kwa sauti ya chini, "mbili." Akafunga kitabu polepole.

Hakuna aliyetazama upande wa baba, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wote wangemtazama. Mzee mmoja wa baraza lile la zamani alishughulika na kifungo cha koti lake. Mimi mkono wangu niliuamuru upande nitaje bei, ukagoma. Nilisimama pale, mtunzi wa miungu saba, nimeshikilia mkoba.

Kisha baba akakohoa. Akataja bei ya mfuko mzima wa mbolea.

"Mzee wangu," mnadi akasema, na sasa hakuwa anatania, "chako hununui."

"Kilikuwa changu jana," baba akasema. "Leo ni cha kanisa. Naomba kununua."

Mnadi aliangalia huku na huku. Hakuna aliyepandisha bei. Baba akalipa, akakiingiza kitabu ndani ya koti, akakaa kusikiliza mnada hadi kabichi ya mwisho.

Tulirudi kwa miguu. Alisalimia kila tuliyekutana naye, kamwene, kamwene, habari za ibada, kama Jumapili nyingine yoyote, nami nikimfuata nyuma kwa umbali ambao mtoto aliyevunja chungu hufuata. Nyumbani aliwasha jiko mwenyewe na kubandika chai. Nilisema niipike mimi, akasema nikae.

"Baba," nikasema, "ulijua kilichomo?"

"Nilikisoma jana."

"Chote?"

"Habari za mazimwi niliruka. Wanakula watu ovyo."

Nilijaribu kucheka ikashindikana. Nikamwuliza sasa kwa nini alikipeleka, kama alijua, kwa nini mbele ya watu wote wale. Alimimina chai kwenye vikombe viwili, akajaza cha kwangu zaidi, kama afanyavyo siku zote.

"Ni zao lako la kwanza," akasema. "Malimbuko hayachambuliwi, unayapeleka yalivyotoka. Na ni mimi niliyekuwa nawaambia watu mwanangu ni mwandishi. Ningewaambia nini, kwamba mavuno hayajafika?"

Nikamwomba msamaha. Nilisema ule ni mchezo tu, kwamba mtunzi huokota kidogo hapa na kidogo pale, kwamba Mzee wa Mlango si yeye hasa. Aliniacha niseme hadi maneno yakaniishia. Kisha akakitoa kitabu kwenye koti, akafungua ukurasa ule bila kuutafuta, akaweka kidole.

"Hii mbili," akasema. "Ni mbili kati ya ngapi?"

"Kumi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Hakuonekana kuumia. Alionekana kama mtu anayekubaliana na mizani.

"Na huwa inapanda?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Lakini alikuwa amekisoma kitabu, na sheria ipo pale wazi, kwenye sura ya kwanza. Nikamwambia kwamba wanaopanda ni wahusika wa wachezaji tu. Mwindaji akifanya jambo alilokuwa analiogopa, ujasiri wake unaongezwa. Wale wanaowekwa na mtunzi, wenye maduka, walinzi, wazee wa milango, hubaki na alama walizopewa, hata wakifanya nini.

"Ahaa," baba akasema. "Hapo nimeelewa."

Akaniomba nimsogezee sukari. Sheria ile niliitunga mwenyewe, jioni moja Njombe, kwa sababu tu ilinipunguzia kazi.