Kigingi cha Upenuni

Akina mama na dada zangu mliokusanyika, amani iwe juu yenu. Nimemwomba mwalimu wetu awasomee maneno haya na jina langu alifiche, nanyi nawaomba msinitafute kwa kukagua mapaa ya watu, maana msimu huu kila mtaa wa Kindu una nyumba inayoongezwa. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne hivi. Baba yangu alikuja na misafara kutoka pwani, akanifundisha Kurani na kuandika. Mama yangu alizaliwa upande wa Pangi, akanifundisha yaliyobaki. Nimeolewa na mtu mwema, na wema wake ndio unaonifunga ulimi.

Mvua za mwaka juzi, mume wangu akiwa mbali katika safari ya pembe za ndovu, nilizaa kabla ya wakati mtoto wa kiume, vidole vyote kamili, asiyelia. Mama ndiye aliyempokea. Kwa watu wake, mtoto wa namna hiyo hapelekwi mbali. Hulazwa ndani ya chungu na kuzikwa upenuni, pale paa linapodondosha maji, ili mvua impoze na tumbo la mzazi lisifunge. Alimzika hivyo, upande wa magharibi, nami sikuwa na nguvu ya kusema ndiyo wala hapana. Mume wangu aliporudi, mama alimwambia kwamba ilikuwa damu tu. Alilia, kisha akanifariji. Najua, kwa elimu niliyopewa, kwamba mwanawe alistahili jina, sanda na kaburi la Waislamu. Naye akijua atasema hivyo hivyo, na mama yangu hatakanyaga tena kwetu.

Sasa nina mimba ya miezi saba. Kwa furaha, mume wangu aliazimia kuongeza chumba ubavuni mwa nyumba, nijifungulie humo, na mama apate pa kulala siku za uzazi. Nilidhani kitajengwa upande wa mashariki. Siku niliyokwenda shambani Mikelenge, yeye na fundi wakapima magharibi, kwa sababu mashariki kuna njia ya watu waendao mtoni. Niliporudi, nguzo tatu zilikuwa zimesimama, na fundi alikuwa amekaa juu ya rundo la udongo, mikono magotini. Alingoja mume wangu aende msikitini, ndipo akaja jikoni, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Mama,” akaniambia, “shimo la mwisho nimelifukia. Pale iko muntu. Mimi sitachimba.”

Akarudi kwenye nguzo zake bila kuniuliza kitu.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya visingizio. Mara miti haijafika, mara fito zimeliwa na mchwa, mara mkewe anaumwa, mara udongo umelowa mno haushiki. Alijaribu hata kumshawishi mume wangu ahamishie chumba nyuma ya jiko, akakataliwa. Nguzo zile zikabaki mvuani, zikaota ukungu, na majirani waliopita wakawa wanauliza kama tunajenga au tunapanda miti. Mume wangu si mtu wa matusi, lakini siku moja uvumilivu ulimwishia, akamwambia barazani mbele ya watu: “Fundi, maneno yako yangekuwa udongo, leo tungekuwa tumekwisha kuhamia.” Watu wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, akachukua jembe lake, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna amwitaye kazini. Akipita, watu husema, “Njo yule fundi wa mashimo,” yaani ndiye huyo, na watoto wao hulirudia jina hilo. Nilikutana naye njiani, nikataka kumwomba radhi. Akanitangulia.

“Matusi ni yangu, Mama, nitayabeba. Lakini atakuja mwingine, na yule hataogopa kitu.”

Mwingine amekuja. Ni mtu mwepesi wa mikono, huimba akifanya kazi, na sina ubaya wa kumsema. Juzi alichomeka vigingi vyake, na kimoja kikasimama pale hasa. Kulipokucha nikakisogeza kiasi cha mkono mmoja. Alipofika akapima, akakirudisha mahali pake, akaniambia akicheka, “Bibi, mbuzi wenu wanakipenda sana hiki.” Mume wangu akacheka naye. Kisha akanitazama. Sisi hatufugi mbuzi.

Jioni aliniuliza, kwa upole, kama kuna kitu upande ule. Nikasema hakuna. “Basi watachimba,” akasema, akaendelea kula.

Dada zangu, mama ananiambia kwamba ardhi ile ikifunguliwa, huyu aliyemo tumboni atamfuata nduguye. Sijui kama naamini. Ninajua tu kwamba tangu kigingi kirudishwe pale, mtoto hachezi kama alivyokuwa akicheza, nami nimekaa kutwa nzima mkono tumboni nikimngoja. Nikisema, nitampoteza mama wakati ninaomhitaji, na mume wangu atajua kwamba tumemficha mwanawe chini ya miguu yake miaka miwili. Nikinyamaza, mwanangu atatupwa nje pamoja na udongo, na yule aliyeyabeba matusi kwa ajili yake atakuwa ameyabeba bure.

Kazi inaanza Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, na chakula cha wachimbaji nimeambiwa nipike mimi. Ninyi mliozaa na ninyi mliozika, nipeni shauri lenu: nifanye nini, kabla sijawasha moto huo?