Nati ya Wazee

Studi ya mashine yetu ilikatika kwa sababu ya adabu. Sitanii. Ilikatika mchana kweupe, mbele ya macho yangu, mtoto akiwa mgongoni, na sikuweza kufungua mdomo kwa sababu aliyeshika spana alikuwa baba mkwe.

Ni mashine ya kusaga, ya pekee upande wetu huu wa Ilongero. Baba mkwe aliuza ng'ombe akainunua, na mume wangu ndiye anayeiendesha. Kinu chake kina mfuniko wa chuma unaoshikwa na studi nne, vyuma vyenye meno vilivyosimama kama vidole, kila kimoja na nati yake. Ukitaka kusafisha mawe ya ndani unafungua nati, unafagia, unarudisha mfuniko, unakaza. Mtoto hajamaliza titi moja, kazi imekwisha.

Lakini kwetu huwezi kuwakuta watu wanapura mtama ukapita na salamu tupu. Unaokota fimbo, unapiga kidogo, ndipo unauliza habari za nyumbani. Asiyefanya hivyo husemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Sasa mashine ilipokuja, watu hawakuona tofauti. Kazi ni kazi.

Siku ile mume wangu alikuwa amekwisha kukaza. Akapita jirani na mbuzi wake.

"Mnakaza? Hebu na mimi."

Akavuta spana. Akaja mwalimu wa kanisa, akavuta. Hata karani wa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, aliyekuwa anapita zake na baiskeli, aliiegemeza ukutani, akakunja mikono ya shati, akavuta, akasema, "Bado inakubali hii." Wote walishika nati ileile, ya karibu na mlango.

Nikamwambia mume wangu kwa Kinyaturu, chini chini, "Baba mtoto, inatosha."

"Sasa nimnyime mtu spana? Niseme nini?"

Ndipo baba mkwe akafika. Yeye ndiye mwenye mali, hakutaka mchango wake uwe mdogo kuliko wa karani. Akachomeka bomba kwenye mkia wa spana ili apate nguvu, akajiegemeza kwa mwili wote. Chuma kikalia tak, nati ikaanguka na kipande cha studi ndani yake.

Watu wakakumbuka mbuzi wao. Baba mkwe akaitazama ile nati akasema, "Ilikuwa mbovu toka dukani."

Mume wangu alijaribu kusaga kwa studi tatu. Mfuniko ukakaa upande, unga ukaruka kwenye ule mwanya, akatoka mle mweupe toka nyusi hadi viatu. Wanawake waliokuwa wanangoja walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimsikia baba mkwe akisema, "Isipopona kabla ya mnada, naiuza."

Jioni ileile mama mkwe alilirudisha jiwe la kusagia mlangoni kwangu.

"Mwanangu, mikono yako imelainika. Na unga wa mashine unanuka mafuta hata hivyo."

"Ndiyo, mama."

Alfajiri nilipiga magoti nikasaga, mtoto anarukaruka mgongoni, magoti yanawaka. Nilikuwa na hasira hadi meno yaliuma. Nimesoma sekondari, naweza kukutajia mito ya Ulaya, halafu nisage kwa mkono mpaka nipinde mgongo, kwa kuwa wanaume watano wameoneana haya juu ya nati moja?

Baba yangu alikuwa kibarua wa reli. Ile reli iliyotoka Manyoni ilipong'olewa, yeye alikuwa kwenye kundi la kufungua bolti, nami nilikuwa nampelekea uji. Bolti zilizoshikwa na kutu alizimwagia mafuta jioni akaziacha zilale. Asubuhi aligonga kidogo kwa nyundo, akafungua kidogo, akarudisha, akafungua tena. "Ukiivuta kwa hasira itakuachia kipande," alikuwa akisema. Mimi hasira nilikuwa nazo za kutosha kijiji kizima, kwa hiyo nilijua pa kuanzia: jioni niliimwagia studi iliyokatika mafuta ya taa, halafu nikaenda kulala.

Asubuhi nikamwambia mume wangu, "Mshike mtoto."

"Wewe utaiweza hiyo?"

"Nimesema mshike."

Studi ilikuwa imeacha kisiki kifupi, kama jino. Nikachukua tupa, nikakichonga pande mbili mpaka spana ndogo ikapata pa kushika. Nikagonga. Nikasukuma: haiendi. Nikarudisha, nikasukuma. Ikaguna. Mume wangu akaacha kumbembeleza mtoto. Nikarudisha tena, nikasukuma tena, na mara kisiki kikazunguka laini kama kimechoka kubishana. Nikakitoa kwa vidole.

Mume wangu alikifunga kwenye leso, akapanda baiskeli hadi Singida mjini, akarudi kutoka kwa fundi wa malori na studi mpya ya meno yaleyale. Niliiingiza kwa mkono kwanza. Kisha nikakaza nati zote nne kidogo kidogo, kwa kukabiliana, ya huku na ya ng'ambo yake, na zilipogoma nikaziacha.

Bado nilikuwa na tatizo moja: njia ile bado inapitwa na watu wenye adabu.

Basi kuna kipande cha mti kilichosimama kando ya mlango; nilikitoboa, nikapitisha bolti kubwa ya zamani na nati yake, nikatundika spana pembeni. Haishiki kitu. Mzee akija, namwamkia, "Shikamoo," naye akijibu marahaba nampa spana. "Tusaidie hii, mzee." Anavuta, anaguna, anaridhika, anauliza habari za nyumbani. Usiku mume wangu anailegeza kwa ajili ya kesho.

Baba mkwe hapitishi siku bila kuikaza. Kabla ya mnada alikuja, akavuta mara mbili, akasikiliza injini inavyonguruma, akasema, "Nilipokaza hii, imetulia. Siiuzi."

"Asante sana, baba," nikamjibu.

Nyuma yake alikuwa mama mkwe na kikapu cha mtama kichwani. "Nisagie laini," akasema. Jiwe lake liko uani kwangu. Nimelijaza maji, kuku wanakunywa.