Mtaa Ulioacha Funguo Mlangoni

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, siku jirani aliponikaripia kizingitini kwetu kwa sababu nilikuwa nimefunga mlango.

Wengi wenu hapa Sydney hamjui kwamba nimekulia Ayalandi. Baba, mtu wa Tanga, alipata kazi ya udaktari wa mifugo katika mji mdogo wa huko, akatuhamisha sote. Shule ya msingi ilikuwa mwisho wa mtaa. Wakati wa baridi mwalimu alipanga chupa zetu za maziwa kando ya hita, na mpaka leo maziwa ya vuguvugu hayapiti kooni kwangu. Tukitoka shule tuliingia nyumba yoyote. Mtaa ule watu waliacha ufunguo kwenye kitasa, upande wa nje, kutwa nzima. Jirani hakupiga hodi. Alizungusha ufunguo, akaita jina, akaingia. Mwaka wa kwanza mama alishangaa. Mwaka wa pili naye akauacha wa kwetu.

Wazazi walipofariki, wakifuatana, nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliacha shule nikaenda kufanya kazi kiwandani. Wadogo zangu wawili walikuwa bado shule ya msingi. Tukaambiwa afisa wa ustawi wa jamii atakuja kuamua kama tutabaki pamoja au wale wadogo watagawiwa walezi. Nikaogopa majirani wasije wakaona vyombo havijaoshwa, wakatusema kwake. Nikautoa ufunguo, nikafunga kwa ndani.

Akaja Shangazi Nora, wa nyumba ya pili. Ndivyo mama alivyotufundisha kumwita. Aligonga kwa ngumi.

"Mmefungua benki humu?"

"Hatujambo, Shangazi. Hatuhitaji kitu."

"Nani kakuuliza mnahitaji nini? Huyo afisa ataanza kwetu kuuliza habari zenu. Nimwambie nini juu ya nyumba nisiyoiingia? Kwamba pazia ni safi?"

Nikafungua mlango kidogo.

"Rudisha ufunguo, binti. Na hiyo sufuria uliyoiunguza, naisikia harufu tangu jana."

Mficha uchi hazai. Niliurudisha. Wakaingia majirani, mmoja akafua, mwingine akakaa na mdogo wangu kwenye hesabu. Walituteta pia, sikufichi. Afisa alipofika aliwakuta wanawake watatu jikoni wanabishana juu ya viazi, akawauliza wao zaidi kuliko mimi. Tukabaki pamoja mpaka kitindamimba akaoa.

Sasa Korona imetufungia hapa mtaani kwetu Auburn. Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba nyumba nzima mmeugua. Nilipokupigia ukanijibu, "All good, Aunty." Hofu yako naijua: watasema umeuleta ugonjwa kutoka kazini kwako, kule nyumba ya kutunzia wazee. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe una watoto wadogo humo ndani.

Basi nisikilize. Kaa ndani kama sheria inavyotaka, ila sema. Mpigie yule mama Mvietinamu, jirani yako wa ukuta wa pili, umwambie mko wangapi, nani anakohoa, watoto wamekula nini. Homa ikipanda, ita gari la wagonjwa, usingoje kukuche. Chakula kikiachwa mlangoni kipokee, hata kama chumvi imezidi. Watakuteta, ndiyo. Anayekuteta anajua kwamba upo.

Mungu awaponye nyote, mwanangu, na akujaalie majirani wasemaji, ila watoaji zaidi.