Mguu wa Mke Wangu Kwenye Pedali

Jumamosi ya kwanza baada ya kumzika mke wangu, gita langu lilinigeuka mbele ya maharusi.

Sikutaka kupiga siku ile. Meneja wa ukumbi ndiye aliyenilazimisha.

"Pole kwa msiba, mzee. Lakini harusi haiahirishwi."

Wakubwa ndivyo walivyo. Pole yao haikosi lakini.

Nikapanda jukwaani. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akasimama kulia kwangu, palepale dada yake alipokuwa akisimama kuimba. Miguuni ubao wangu wa pedali, vile visanduku vya chuma unavyokanyaga gita libadili sauti. Kimoja kinakwaruza, kingine kinaleta mwangwi.

Wimbo wa polepole. Nikafumba macho kama kawaida yangu, nikakanyaga kwenye kiitikio, tukarudi kwenye ubeti.

Lahaula!

Gita likakoroma. Mwangwi ukapanda juu ya mwangwi, kama watu wanagombea foleni ya maji. Bibi harusi akaziba masikio.

"Mzee, hilo gita au mashine ya kusaga?" mlevi mmoja akapaza sauti. Ukumbi ukaangua kicheko.

Meneja akanidaka kwenye ngazi. "Jumamosi ijayo nataka sauti yako ileile ya zamani. La sivyo, naweka mtu wa kinanda. Kinanda hakina matanga."

Jamani. Shule niliikimbia mapema. Nje ya gita, sijui kazi nyingine.

Wiki nzima nikashinda sakafuni na bisibisi. Niking'oa, nikipanga upya. Ya kukwaruza nikaitanguliza, ya mwangwi nikaiweka mwisho, maana ukiukwaruza mwangwi unapata uji. Nikafupisha waya. Kila pedali nikaipa umeme wake, ule muungurumo ukakata. Nyumbani sauti ikatoka safi, tamu.

Nikasema, safari hii watanikoma.

Jumamosi ikafika. Ubeti wa kwanza, sawa. Kwenye kiitikio nikakanyaga, gita likalia watu wakapiga vigelegele. Tukarudi kwenye ubeti...

Fujo ileile.

"Shem, zima!" shemeji akaninong'oneza. "Zima hiyo!"

"Nizime nini?"

Meneja akanishusha. Hapo nikapasuka.

"Wewe ndiye uliyemmaliza mke wangu! Alikuomba ruhusa akatibiwe, ukamwambia amalize msimu kwanza!"

Akainamisha kichwa. Sikutegemea.

"Hilo nitalijibu kwa Mungu," akasema. "Lakini mzee, pedali zako nzima. Wewe ndiye hujui kuzizima."

"Miaka yote hii nisijue?"

"Miaka yote mkeo ndiye aliyekuwa akizizima. Wewe unawasha, unafumba macho, unaondoka na dunia yako. Yeye ananyoosha mguu chini ya gauni, anazima. Meza yangu ipo pembeni ya jukwaa, nilikuwa namwona. Akaniomba nisikwambie."

Nikacheka, cheko la uchungu. Kumbe mimi nilidhani mke wangu anapiga mguu kufuata ngoma! Mara ngapi nilimwambia, "Mama watoto, sogea, unanibana"? Akawa anatabasamu tu. Hasogei.

Nikarudi nyumbani, nikaiweka ile pedali ya kukwaruza dirishani, penye mwanga.

Raba ya kukanyagia juu yake imelika upande wa kushoto, upande wangu.

Na upande wa kulia imelika vilevile, kwa kisigino chembamba.

Kila nilipowasha, kulikuwa na mtu anazima.

Nikakaa chini. Nimechoka, ndugu zangu. Sasa kinanda ndicho kinachopigwa pale ukumbini, na meneja bado sijamsamehe. Ruhusa ya mgonjwa hainyimwi.

Ila wewe unayesoma, ukisifiwa usifumbe macho. Tazama chini, uone nani anakusaidia kukanyaga.

Mimi nimebaki na swali moja tu, na wa kunijibu yuko kaburini. Alininyamazia kwa sababu ananipenda, au alishachoka kusema na mtu asiyesikia?