Kimono ya Rosenilda

Mke wangu Rosenilda ana medali nne za dhahabu za jujitsu, na hajawahi kupambana na mtu mashindanoni hata mara moja. Kila mwaka hapa Manaus, Brazili, anajiandikisha katika kundi la wanawake waliovuka miaka arobaini na mitano, mkanda wa zambarau, na kila mwaka anajikuta peke yake. Anapandishwa jukwaani, anavishwa medali, anapigwa picha. Akifika nyumbani anaitupa uvunguni.

"Mzee, safari hii kuna mtu," aliniambia mwezi uliopita, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Anaitwa Socorro, anatoka Parintins."

Kutwa husimama jikoni shuleni akikoroga maharage ya watoto mia tatu, kisha huenda kugaragazwa na vijana mazoezini. Mimi huchoka kwa kumtazama tu.

Kimono, vazi la kupigania, anayo moja. Aliifua Jumatano, akashona upya nembo ya klabu, akaianika. Mvua ikanyesha mpaka Jumamosi. Na kwetu unapimwa uzito ukiwa umevaa, kwa hiyo maji ya kwenye kitambaa yanahesabiwa kuwa nyama yako. Wiki tatu mama wa watu alikuwa anakula mayai na matango ili asizidi uzito wa kundi lake.

Basi mimi, bingwa wa kufua mashuka hotelini miaka ishirini na sita, nikaichukua Jumamosi mchana yeye akiwa amejilaza, nikaenda kuitia kwenye mashine ya kukaushia ya kazini. Ikatoka kavu kabisa. Nikaikunja vizuri, nikajisifu njia nzima.

Jumapili asubuhi mizani ilimkubali. Kisha mkaguzi wa mavazi akaingiza kipimo chake cha upana kwenye mkono wa kimono, kikakwama.

"Imerudi hii, mama. Una dakika kumi ulete nyingine."

Rosenilda akanigeukia. "Umeifanya nini?"

"Nimeikausha."

"Kwa mashine?"

Nilitamani anitukane. Aliketi tu sakafuni, amechoka hadi kwenye mifupa. "Niletee viatu, mzee. Mwenzangu apewe dhahabu yake, twende zetu."

Mwanamke mfupi mwenye mvi akatusogelea, kimono begani.

"Rosenilda ni wewe? Mimi Socorro. Nilikuwa kwenye boti tangu juzi, mgongo umekufa ganzi. Dhahabu za bure ninazo tano, sitaki ya sita. Vaa hii yangu ya akiba, na harufu yake uivumilie, dada."

Kipimo kikapita. Mizani nayo ikamkubali, chupuchupu.

Walivutana dakika nne, wanahema kama wapanda mlima. Kisha Socorro akaikamata kola, kola yake mwenyewe anayoijua kila uzi, akamkaba nayo mpaka mke wangu akapiga kiganja chini kuomba yaishe.

Nikamkimbilia na pole zangu na aibu yangu. Alikuwa amelala chali, shingo nyekundu, machozi yanamtoka huku anacheka.

"Umeona, mzee?" alisema. "Nimepigwa! Nimepigwa kweli!"